Kibarua wa Msimu wa Maharage

Ninyi vijana mnaojua kusoma haraka, hili lisomeni polepole. Sikuliandika ili mcheke. Mahali pa kucheka papo, mkifika mcheke kidogo, kisha mwendelee. Mnapenda picha, najua. Siku hizi mnaziangalia kwenye simu mmelala chali. Sisi tulikaa kwenye benchi, tumebanana, na kwenye benchi hilo mjukuu wangu alipoteza ndoa. Sisemi picha ni mbaya. Nasema lililotokea.

Mwaka 2013 nilikuwa naishi hapa hapa Makere nilipo sasa, pamoja na mjukuu wangu wa kike, mtoto wa marehemu binti yangu. Nilimlea tangu hajaota meno. Alijifunza kushona kwa fundi mmoja Kasulu mjini, akarudi na cherehani, akaiweka barazani, akawa anashona sare za shule na magauni ya kwaya. Huko Kasulu ndiko alikompata kijana. Kijana wa Kibondo, mpole, kazi yake kuchomelea mageti. Kasoro yake ilikuwa moja, na haikuwa yake: babu yake alivuka mpaka kutoka Burundi na mtoto mgongoni. Alilima Kibondo, akafia Kibondo. Baba wa kijana alikulia huku, kijana mwenyewe amezaliwa huku, karatasi za uraia wanazo. Lakini watu hawasahau ya wenzao. Ya kwao ndiyo wanayasahau.

Aliyekataa alikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Yeye ndiye aliyebaki msemaji wa ukoo, na bila yeye hakuna posa inayopokelewa.

"Mtoto wetu hatoki kwenda kwa watu waliokuja na mikeka kichwani," alisema.

"Na baba yako alipotoka Muyama kuja hapa, alikuja na kitanda?"

"Muyama ni hapa hapa, shemeji."

"Na Kibondo ni wapi? Ulaya?"

Akanuna. Shemeji yangu akinuna hufunga mdomo mpaka masharubu yanasimama. Tulivutana naye tangu maharage yalipotoa maua mpaka yalipokauka. Mimi si mtu wa kubembeleza. Nilimwambia mtoto huyu hana baba wala mama, ana mimi na wewe, na mimi niko karibu kufa, sasa chagua unataka akulilie barazani kwako au aolewe. Mwisho alisema hivi: "Walete mshenga maharage yakiwa bado uwanjani. Wakija nitakaa nao. Yakiingia ghalani hawajaja, nisisikie tena habari hiyo."

Mjukuu wangu alimpigia kijana simu akiwa amesimama kwenye kichuguu, maana huku ndani simu haikushika. Alirudi anaimba. Nikamwambia, "Mke mwenzangu, bado hujaolewa, kapike."

Sasa nawaeleza desturi, kwa kuwa ninyi hamposi tena, mnakutana tu. Kwetu Buha, na kwa Warundi vilevile, kabla ya posa ukoo hupelelezwa. Hutumwa mtu mzima, mara nyingi shangazi. Anapita kama anatafuta mbegu au mbuzi wa kununua, anaomba maji, anatazama jiko, anasikiliza watu wa nyumba wanavyosemeshana, anaondoka. Anaangalia kama kuna uvivu, kama kuna ugonjwa uliofichwa, kama wanapigana. Hata mimi nilipelelezwa. Mama mkwe wangu alituma mtu, nikamkuta anachungulia chungu changu.

Basi na kijana alikuwa na shangazi. Baba yake alikufa mapema, shangazi ndiye aliyemlea, na neno la shangazi kwake lilikuwa neno la mwisho. Shangazi huyo alikuja. Ila hakuja kutafuta mbuzi. Alikuja na jembe begani, akasema ni mjane wa Buhigwe, anatafuta kibarua cha kung'oa maharage. Nawaambia mapema ili msisumbuke kubahatisha. Sisi wakati ule hatukujua.

Nilimpokea. Alikuwa mwanamke mwembamba, wa makamo, mikono migumu. Alinisalimu, "Mwakeye, mama," akakunja magoti sawasawa, nikamwonyesha pa kulala kwenye chumba cha mjukuu wangu. Niliona kwamba anaangalia sana nyumba. Niliona anashtuka pikipiki ikisimama barabarani. Nilidhani amemkimbia mume, na mwanamke aliyemkimbia mume sina haja ya kumhoji. Mwaka ule pia ulikuwa mbaya kwa watu. Wasio na vibali walikuwa wanasakwa na kuondoshwa, na hata wenye karatasi walitembea nazo kifuani kama hirizi. Mtu akishtuka, ulimwacha ashtuke.

Alifanya kazi. Hilo nalisema mpaka leo. Aling'oa maharage hakuacha hata shina, na mdomo wake ulikuwa na mzaha mkavu nilioupenda. Mjukuu wangu alimwita mama mdogo. Walichekeana chumbani kama wasichana. Alimshonea sketi kwa kitambaa kilichobaki, akampima kiuno kwa kamba na kumtania: "Mama mdogo, hapa hakuna kiuno, hapa ni mlingoti."

"Acha, ninyi mnaoshiba," yule mwanamke akajibu. "Ukiolewa utakonda tutaona."

"Ninakoolewa wanapika vizuri."

"Nani kakwambia?"

"Mwenyewe. Anasema shangazi yake anapika maharage na mawese mpaka jirani anahamia."

Yule mwanamke akainama kwenye sketi, akasema uzi umelegea.

Karibu na mnada palikuwa na banda la video. Vijana waliliita kibanda umiza. Lilikuwa nyumba ya udongo iliyozibwa madirisha kwa nailoni nyeusi, jenereta inanguruma nje, na mbele televisheni imewekwa juu ya kreti za soda. Picha zilikuwa za kigeni, lakini juu ya maneno ya kigeni alisema mtafsiri, yule wanayemwita dijei, mtu wa Dar es Salaam. Sauti yake moja ndiyo ilikuwa ya mzee, ya msichana, ya mtoto na ya mbwa. Sikuwa mtu wa kwenda huko. Ila Jumapili moja baada ya kanisa mjukuu wangu alitushika mikono, mimi na kibarua, akasema leo ipo picha ya mapenzi ya kweli, siyo ya kupigana mateke, twendeni.

Picha yenyewe ilikuwa hivi. Nchi ya baridi, watu wamevaa makoti mpaka magotini. Msichana ametumwa na wakubwa wa nchi yake aingie nyumbani kwa mzee mmoja mwenye siri za jeshi. Amejifanya muuguzi wa kumtunza mama mzee wa nyumba ile. Kijana wa nyumba akampenda, naye akampenda, na hapo ndipo kazi yake ilipoharibika, maana alitakiwa kupeleka habari, na kila habari aliyoipeleka ilikuwa kamba ya shingo ya watu wanaomlisha.

"Dogo kazama!" alipiga kelele dijei. "Penzi limemvuta kama kumbikumbi kwenye taa! Hajui kwamba mrembo katumwa, jamani!"

Jumapili ile ya kwanza banda zima lilimhurumia yule msichana. Alipokuwa anamlisha bibi kizee uji, machozi yakidondoka kwenye kijiko, kibarua wetu naye alikuwa analia. Mjukuu wangu alimwegemea begani, analia pia. Mimi sikulia. Nilimwona yule bibi kizee kwenye picha, nikafikiri: huyu anajua. Mwanamke mzee anayelishwa hujua mkono unaomlisha una nini. Picha ikakatika katikati, mwenye banda akasema sehemu ya pili Jumapili ijayo. Vijana wakamzomea, tukatoka.

Wiki ile tulipura maharage. Tulikaa uwanjani tunayapiga kwa fimbo, vumbi linaingia puani, na habari ilikuwa ile picha tu. Kibarua akaniuliza bila kunitazama, "Mama, wewe ungekuwa yule mzee, ukagundua, ungemfanya nini yule msichana?"

"Ningemwambia aketi ale," nikasema. "Akishashiba anieleze."

"Usingemfukuza?"

"Amemtunza mama yangu. Nimfukuze halafu uji apike nani?"

Akacheka mpaka akaacha fimbo. Kisha akamgeukia mjukuu wangu aliyekuwa anapepeta. "Na wewe, binti?"

"Mimi? Mimi nataka waoane tu. Mengine watajuana wenyewe."

Nakumbuka uso wa yule mwanamke. Ulilainika. Jioni hiyo aliomba yeye apike, akaweka mawese. Mjukuu wangu alipoonja alisema, "Mama mdogo, nikikaribishwa kwa shangazi mkwe nitamwambia nimeshakula mazuri zaidi." Hapo kila kitu kilikuwa bado kizima. Maharage yalikuwa bado uwanjani.

Jumapili ya pili hata shemeji yangu alikuja. Alikuwa amesikia watu wanasimuliana, akasema anataka kuona huo upuuzi. Alikaa mbele yangu. Jenereta ilipotulia kwenye mlio mmoja, akalala, kichwa kinaning'inia. Basi yule tuliyemwogopa hakuona hata robo ya picha.

Sehemu ya pili ilikuwa ya kukamatana. Mzee akapata habari kwamba siri zinatoka. Askari wakaja, wakapekua nyumba nzima, wakapasua mito, wakachimba bustani, hawakupata kitu. Msichana amesimama ukutani na gauni lake refu, uso umekauka. Dijei akawa anatuchochea, maana hiyo ndiyo kazi yake: "Raia, mnaona? Huyu mtu wenu siyo raia! Mnamlisha, mnamvisha, anawauza! Kaficha wapi? Nani anajua kaficha wapi?"

Banda likaanza kupiga kelele. Kwenye kiatu! Kwenye nywele! Mjukuu wangu alikuwa kimya, amekaza macho. Ndipo picha ilipoonyesha chini ya gauni, na yeye, fundi, akaona kabla ya wote. Mshono wa pindo ulikuwa umefumuliwa na kushonwa tena kwa mkono mwingine. Akaruka kutoka kwenye benchi.

"Pindo! Kaficha kwenye pindo!"

Na kweli, askari akainama, akapasua pindo, karatasi zikadondoka. Banda lililipuka. Vijana walimpongeza, wakampiga mgongoni, fundi, fundi, unajua wewe! Mtoto wa watu akalewa sifa. Alikuwa amesimama, mkono juu, anacheka, anapiga kelele na wenzake kwa yule msichana wa kwenye kioo:

"Mfukuzeni! Arudi kwao! Rudi kwenu, mwizi wewe, rudi kwenu!"

Wote walipokea. Wakawa wanaimba kama timu imefunga bao. Rudi kwenu, rudi kwenu. Shemeji yangu akaamka, akauliza nani kafa.

Mimi nilikuwa katikati. Upande huu mjukuu wangu amesimama, upande huu kibarua ameketi. Niligeuka kumwambia jambo la kuchekesha juu ya shemeji. Alikuwa amejishika kifuani, pale watu wa mwaka ule walipoweka karatasi zao. Hakuwa analia. Nilidhani joto. Sikuona mwisho wa picha, nilimtoa nje apate hewa. Alisema, "Asante, mama. Nimechoka tu."

Asubuhi kulikuwa na ukungu. Kitanda chake kilikuwa kimetandikwa, sketi imekunjwa juu yake. Jembe lake halipo. Ujira wake hakuudai. Mjukuu wangu alisononeka, akamtafuta mpaka kwenye stendi ya pikipiki, akarudi anasema, "Bibi, hata kwaheri?"

Tukamsubiri mshenga. Maharage yakakauka kabisa, tukapepeta, tukapepeta tena yaliyokwisha pepetwa. Niliyaacha uwanjani yanyeshewe na umande nikidanganya kwamba bado mabichi. Simu ya kijana ikawa haipatikani. Shemeji alikuja akachukua punje moja, akaiuma, ikalia kah. "Shemeji," akasema, "haya yamekauka tangu juzi." Hakusema kwa ubaya. Mwenyewe aliyabeba mpaka ghalani, na alipomaliza alikaa na sisi mpaka jioni.

Mimi nikapanda basi la Kibondo. Safari ile vumbi tupu, na askari mwenye bunduki amekaa mbele kwa ajili ya majambazi wa porini. Nilikuwa nimejiandaa kugombana na kijana. Nilifika kwao kwa kuulizia. Nyumba ya matofali, migomba imefagiliwa chini, na mlangoni, anachambua mchicha, kibarua wangu.

Sikuhitaji kuelezwa. Nilisimama. Yeye akainuka, akakunja magoti kama siku ya kwanza.

"Mwakeye, mama."

"Kumbe ulitumwa."

"Nilijituma. Karibu uketi."

Niliketi. Aliniletea maji, kisha chakula, na aliningoja nile kwanza. Hapo nikakumbuka maneno yangu ya uwanjani, nikaona ananirudishia. Nilipomaliza, nikasema, "Sasa nieleze."

"Kwako sikuona kosa," alisema. "Wewe mkali lakini huna sumu. Shemeji yako anatukana mbele ya mtu, wa namna hiyo tunawazoea. Nilikuwa nimeshamtumia mshenga salamu ajiandae. Nilitaka tu kuona mwisho wa picha."

"Alikuwa anaitukana picha! Mtoto anapiga kelele na wenzake, anatukana kioo!"

"Najua, mama."

"Hajui hata kwamba wewe ulikuwa nani."

"Ndiyo maana nimeamini. Angejua, angejizuia." Alichukua mchicha tena, akawa anachambua. "Mimi niliolewa na mtu wa huko kwenu. Hakuwahi kunipiga. Tulikuwa tunataniana, ananiita mkimbizi wangu, tunacheka wote. Siku tumegombana habari ya mbuzi, mbuzi tu, akaniambia rudi kwenu. Majirani wakasikia. Na wao wakasema. Kesho yake wakaja watu kuniuliza karatasi. Mimi nimezaliwa nyumba hii, mama. Kwetu ni hapa. Nirudi wapi?"

Nilisogeza sahani kando.

"Yule mtoto ninampenda," akasema. "Ndiyo maana ile sketi niliiacha. Ningeichukua ningerudi. Lakini siku akiudhika na kijana wangu, na hakuna ndoa isiyo na siku hiyo, neno lake la kwanza nimeshalisikia. Na alilisema akiwa na furaha."

Kijana alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na miwani ya kuchomelea imepanda kwenye paji. Alikuwa amesikia yote. Nilimwambia, "Na wewe huna mdomo?" Akamtazama shangazi yake, akatazama chini. Macho yalikuwa mekundu, lakini ya mchomeleaji huwa mekundu siku zote. Akasema, "Nisamehe, bibi." Mimi sikumlazimisha. Mtu aliyelelewa na mtu mmoja hana pa kukatia rufaa.

Nilirudi Makere nikamweleza mjukuu wangu. Nilimweleza wazi, sikupunguza. Alikuwa kwenye cherehani. Akaniangalia kama ninasema habari za mtu mwingine.

"Mimi? Mimi nilisema hivyo?"

"Ulisema."

"Bibi, mimi nilisema pindo. Nakumbuka nilisema pindo."

Hakukumbuka. Mpaka leo hakumbuki. Alimuuliza huyu, alimuuliza yule, na waliokuwepo bandani wakamwambia wote tulisema, nani anakumbuka nani kasema nini. Hilo ndilo lililomkondesha. Angekumbuka angejuta, na majuto yana mwisho. Yeye alihukumiwa kwa neno ambalo ndani yake hakulikuta. Aliandika ujumbe kwenye simu, haukujibiwa. Alisafiri Kibondo mara moja, akaambiwa kijana amekwenda Uvinza kufanya kazi. Akarudi, akashona sare za shule. Sketi ile aliitundika kwenye msumari juu ya cherehani, na hakuna mteja aliyeruhusiwa kuijaribu.

Mwaka 2015 ng'ambo ya mpaka, Burundi, kulichafuka tena. Watu wakaja wengi, na kambi ya wakimbizi iliyo jirani yetu ikajaa mpaka mahema yakapanda mlima. Baadhi walitoka kuja vijijini kuomba kibarua. Siku moja, maharage tena uwanjani, akaja mama mmoja kuniomba kazi, na mtoto wake wa kike amemshika kanga. Tulipokuwa tunazungumza, yule mtoto akasogea barazani kuokota vipande vya vitambaa chini ya cherehani. Kitukuu changu, mtoto wa mjukuu wangu mwingine, wa umri ule ule, alikuwa anavichezea. Akavikumbatia vyote, akamwambia mwenzake, "Toka! Rudi kwenu!"

Cherehani ikanyamaza. Mjukuu wangu aliinua mguu kwenye pedali na hakuushusha. Yule mama mgeni akamvuta mtoto wake, haraka, bila hasira, kama mtu aliyezoea kuvuta.

Sijui kitukuu alilitoa wapi. Hakuwa na akili bado wakati wa ile picha. Niliita watu wote wa nyumba, na shemeji aliyekuwa anakunywa pombe yake nyuma ya jiko naye nikamwita. Nikasema nikiwa nimesimama:

"Humu kwangu maneno hayo hayasemwi tena. Hayasemwi kwa mtu, hayasemwi kwa mtoto, hayasemwi kwa mzaha, hayasemwi kwa mtu wa kwenye picha. Kuku wa jirani akiingia, mkamateni mumpeleke kwa mwenyewe, lakini na yeye msimwambie. Shemeji, na wewe umesikia. Wewe mama, weka mzigo wako chini, jembe liko pale. Na wewe mdogo, mpe mwenzako hivyo vitambaa. Vyote."